Dakika 90 Zako: Jinsi ya Kufanya Kazi kwa Umakini Nairobi

Unaweza kufika ofisini saa mbili asubuhi, utoke saa kumi na moja jioni ukiwa hoi, na ile ripoti uliyoamkia bado iko ukurasa wa pili. Hukulala wala hukuzurura. Ulijibu barua pepe, ukaitwa mkutanoni, ukapokea simu kutoka nyumbani, ukamtumia fundi pesa, ukasoma jumbe za wazazi wa darasa la mtoto, ukamsaidia mwenzako aliyekwama na printa. Kila moja lilikuwa na haki yake ya kufanywa. Lakini yote yalikujia yalipotaka yenyewe, na kazi ya kufikiri ikaachiwa dakika saba hapa, kumi pale. Kazi ya namna hiyo haifanyiki kwa vipande.

Ushauri tunaopewa mara nyingi ni kwamba tujikaze zaidi, tuamke mapema zaidi, tuwe na nidhamu. Siukubali. Mtu anayepanda matatu Rongai saa kumi na moja alfajiri hajakosa nidhamu. Alichokosa ni muda ambao mji mzima hauwezi kumfikia, na muda huo hauji wenyewe. Huamuliwa mapema, huombwa kwa watu, kisha hulindwa. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kupata dakika 90 za aina hiyo kila siku ya kazi. Zinaonekana chache, lakini kwa siku tano ni saa saba na nusu za kazi nzito, na ni wachache wanaozipata.

Nimeuandika nikimfikiria anayefanya kazi ya meza: mhasibu, afisa wa mradi, mwalimu mwenye rundo la karatasi za kusahihisha, mbunifu anayehudumia wateja akiwa kwenye bedsita yake Kahawa West. Mwenye duka anaweza kuutumia kwa hesabu na oda zake, ila saa zake tulivu anazijua yeye.

1. Andika siku tatu

Kabla ya kubadilisha chochote, chukua daftari dogo na uandike kila unapohama kazi moja kwenda nyingine. Saa, na maneno mawili matatu: "2:10 barua pepe", "2:25 mteja amepiga", "2:40 ripoti", "2:46 nimeangalia simu". Chagua Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Jumatatu huwa imejaa mikutano, na Ijumaa alasiri watu wengi wanawaza safari. Tumia karatasi, si simu, kwa sababu ukiishika simu uandike mstari mmoja utaiweka chini ukiwa umeshasoma habari za siasa.

Jioni ya siku ya tatu angalia kipande kirefu zaidi ulichokaa na kazi moja bila kukatizwa. Usishangae kikiwa cha robo saa. Kisha angalia kilikatizwa na nani, na hapo uwe mkweli: weka alama ya pekee kwa kila mara uliyojikatiza mwenyewe. Gloria Mark wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, ambaye amewafuatilia wafanyakazi wa ofisi kwa miaka mingi, alikuta kwamba karibu nusu ya makatizo huanzishwa na mfanyakazi mwenyewe. Ukijua sehemu yako na sehemu ya wengine, utajua ni hatua zipi hapa chini zinazokuhusu zaidi.

2. Chagua saa kwa kuangalia barabara, si kwa kutamani

Vitabu vingi vya mambo haya huandikwa na watu ambao ofisi iko umbali wa kutembea. Sisi tuna Barabara ya Thika, Barabara ya Mombasa, Jogoo Road na Waiyaki Way, na mvua ya Aprili inayoweza kumfanya mtu wa Kitengela afike saa nne. Kwa hiyo usipange dakika 90 zianze saa mbili kamili kama kufika saa mbili kamili ni bahati. Angalia daftari lako: ni saa ngapi huwa umeshakaa, umeshatulia, na bado hujaanza kuitwa?

Kwa wanaotoka mbali, mara nyingi jibu ni kabla ya ofisi kuamka. Ukitoka nyumbani mapema kukwepa foleni, unafika saa moja au saa moja na robo, na wengi hutumia muda huo kupiga stori na kusoma simu mpaka wenzao wafike. Huo ndio muda wako bora, na tayari umeshaulipia kwa usingizi. Utumie kuanzia saa moja na nusu hadi saa tatu.

Anayefanya kazi na wateja wa ng'ambo ana zawadi nyingine ambayo wengi hawaioni. Nairobi iko mbele ya London kwa saa mbili wakati wa kiangazi chao na saa tatu wakati wa baridi yao. Saa mbili asubuhi hapa, London ni saa kumi na moja au kumi na mbili alfajiri, na New York ni katikati ya usiku. Hakuna mteja wa huko atakayekuandikia mpaka karibu saa tano. Ukianza siku kwa kujibu barua zao za jana usiku, umetumia asubuhi tulivu kuwajibu watu waliolala. Wajibu saa nne na nusu, watakuta majibu wakiamka, nao hawatajua tofauti.

Mzazi anayefanyia kazi nyumbani aanze basi la shule likishaondoka. Anayejisikia mwepesi wa akili jioni, na ana nyumba tulivu, achague jioni. Jambo la lazima ni kwamba saa iwe ile ile kila siku, kwa sababu watu hujifunza saa yako kama wanavyojifunza saa ya duka kufungua.

3. Amua kazi jioni iliyotangulia

Hii ndiyo hatua ambayo ningekusihi usiiruke hata ukiacha nyingine zote. Ukikaa asubuhi na kujiuliza "nianze na nini leo?", utaanza na kilicho juu ya barua pepe, yaani na kile ambacho mtu mwingine amekuchagulia.

Kabla ya kuondoka ofisini, chukua kipande cha karatasi na uandike kazi moja ya kesho. Moja tu. Iandike kama kitendo chenye mwisho unaoonekana. "Ripoti ya mfadhili" si kazi, ni wasiwasi. "Andika sehemu ya matumizi ya robo ya kwanza, aya nne na jedwali moja" ni kazi, kwa sababu utajua umeimaliza. "Kusoma sheria za kodi" badala yake iwe "soma sehemu ya VAT na uandike maswali matano ya kumuuliza mkaguzi".

Kisha kata. Chochote ulichoandika, kipunguze karibu kwa nusu. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky waliandika kuhusu jambo hili tangu 1979: tunapokadiria muda wa kazi, tunawaza kazi ikienda vizuri, na hatuhesabu mara zote ambazo kazi kama hiyo ilituchelewesha. Kama mara ya mwisho jedwali lilikuchukua asubuhi nzima, kesho halitachukua nusu saa.

Baada ya kuandika, andaa meza. Fungua faili unayoihitaji na ufunge nyingine zote. Kama kuna takwimu zinazokosekana, mwandikie mwenye nazo jioni hiyo hiyo, kwa sababu kinachovunja asubuhi nyingi ni kugundua saa mbili na dakika kumi kwamba huwezi kuendelea bila fulani ambaye bado yuko kwenye matatu Githurai. Weka ile karatasi juu ya kibodi, uondoke.

Kuna faida nyingine ya kuandika. Mwaka 2011, wanasaikolojia E. J. Masicampo na Roy Baumeister walionyesha kwamba kazi isiyokwisha huendelea kumsumbua mtu akilini, lakini akishaandika mpango mahususi wa lini na vipi ataifanya, usumbufu unapungua hata kabla hajaigusa. Ukiiacha kazi kwenye karatasi hiyo, una nafasi nzuri zaidi ya kukaa na watoto wako jioni bila kuibeba.

4. Simu

Kugeuza simu uso chini hakutoshi. Iweke mahali ambapo lazima usimame ili uipate: kwenye droo yenye kufuli, au ndani ya begi lililofungwa zipu. Kabla ya hapo iweke katika hali ya Usinisumbue (Do Not Disturb).

Najua hofu inayokuja hapa, hasa kwa mzazi. Je, mtoto akiugua shuleni? Je, dada wa nyumbani akipatwa na jambo? Hofu hiyo ni ya haki, na simu yenyewe ina jibu. Ndani ya mipangilio ya Usinisumbue unaweza kuruhusu namba chache zipite wakati wote, na unaweza kuruhusu mtu anayepiga mara ya pili apenye. Kwenye Android simu ya pili kutoka namba ile ile ndani ya dakika 15 itaita. Kwenye iPhone ni ndani ya dakika tatu. Basi ruhusu shule na nyumbani, na uwaambie wengine wanaokutegemea: "Ukinihitaji kweli, piga mara mbili mfululizo." Jaribu na mtu wa karibu siku moja kabla, usikie kama inaita. Ukishaamini kwamba la dharura litakufikia, mkono hauendi kwenye droo.

WhatsApp inahitaji mkakati wake kwa sababu nusu ya Nairobi inafanya kazi ndani yake. Kwanza, funga ile iliyo kwenye kompyuta. Haifai kitu kufungia simu droo huku jumbe zinaingia kwenye kona ya skrini. Pili, nyamazisha makundi. Programu inakupa muda wa saa nane, wiki moja au daima, na kwa makundi mengi daima ndiyo sahihi. Makundi yasiyo ya kazi yahamishie kwenye sehemu ya gumzo zilizohifadhiwa (Archived). Yatakaa huko hata ujumbe mpya ukiingia, nawe utayafungua kwa hiari yako.

Sikushauri ujiondoe. Wapo wanaokuambia utoke kwenye makundi ya ukoo, ya chama, ya maandalizi ya mazishi, eti yanakula muda. Makundi hayo ndiyo yanayochanga mtu akilazwa, ndiyo yanayosafirisha mwili nyumbani. Mji huu hauishiki bila hayo. Kinachotakiwa ni kuyasoma saa saba mchana na saa moja jioni, kutoa mchango wako, kuandika pole yako kwa utulivu, badala ya kuchungulia kila dakika sita bila kumjibu mtu yeyote vizuri.

5. Watu

Hapa ndipo miongozo mingi huharibika, kwa sababu inadhani umakini ni jambo la mtu na kompyuta yake. Nairobi ni mji wa watu. Mwenzako akija mezani kwako hakuja kukuharibia siku, amekuja kwa sababu ofisi zetu huendeshwa kwa kuulizana. Ukimfukuza umepoteza zaidi ya dakika 90.

Anza na salamu. Mtu anayepita moja kwa moja hadi kiti chake na kuvaa visikizi huonekana ameudhika, na kabla ya saa tatu wenzake watatu watakuja kuuliza kama kuna shida. Fika dakika kumi kabla, pita mezani kwa mezani, salimia, uliza hali za nyumbani. Halafu uliza swali hili: "Kuna kitu unahitaji kutoka kwangu kabla sijaingia kwenye kazi?" Swali hilo linaokoa muda kuliko mbinu yoyote ninayoijua. Aliyetaka sahihi yako ataipata sasa hivi, aliyetaka faili atalipata, na wote wamesikia kwamba unaingia kazini.

Kwa bosi, usiombe kuachwa. Mkubwa akisikia "naomba nisisumbuliwe" anasikia mtu anayejificha. Mpe kitu atakachopata. Sema, kwa mfano: "Bosi, ningependa kumaliza hesabu za mwezi kabla ya tarehe tano. Naomba kila siku kuanzia saa mbili hadi saa tatu na nusu niwe kwenye hizo hesabu peke yake. Likitokea la dharura nipigie simu ya meza, nitakuja mara moja. Mengine yote nitakuwa nimeyajibu kabla ya chai." Kisha tekeleza hiyo sentensi ya mwisho bila kukosa. Saa nne isipite hujamjibu. Wiki mbili za kupata majibu saa ile ile zitamfanya bosi aanze kukulindia muda huo mwenyewe, hata kuwaambia wengine wasubiri. Ukichelewesha majibu mara mbili, ruhusa imekwisha.

Kwa mwenzako anayekuja katikati, usimpe uso wa kukasirika wala usijifanye hukumsikia. Inua kichwa, tabasamu, sema: "Ngoja nimalize hili, saa tatu na nusu nakuja kwako." Halafu nenda wewe kwake. Kumwendea mtu mezani kwake kunaonyesha heshima zaidi kuliko kumkaribisha arudi, na unaondoka pale unapotaka mwenyewe. Kama aliye mbele yako ni mzee wa ofisi, au mtu aliyekuzidi kwa umri na cheo, simama, msikilize dakika moja, uamue. Kuna watu ambao hawaambiwi wangoje, nawe unawajua.

Nyumbani kunahitaji maneno mengine. Mama anayepiga kutoka kijijini saa mbili na nusu hana dharura. Anapiga kwa sababu ndipo amemaliza kukamua na amekaa. Mwambie mara moja, kwa upole, siku ambayo hujabanwa: "Mama, asubuhi nakuwa nimeingia kwenye kazi siwezi kuzungumza vizuri. Nitakuwa nakupigia saa saba nikitoka kula, tuongee bila haraka." Mpigie kweli hiyo saa saba. Mazungumzo ya dakika kumi yenye masikio yote ni bora kwake kuliko "niko kwa mkutano, nitakupigia" ya kila siku.

Anayefanyia kazi nyumbani ana mtihani mgumu zaidi, kwa sababu jirani akikuona umeshinda ndani anadhani huna kazi. Utaombwa kumpokea fundi wa maji, kumwangalia mtoto, kumwelekeza mtu wa kuleta mtungi wa gesi. Vaa nguo za kazini na ufunge mlango. Mwambie mlinzi wa ploti na majirani wawili wa karibu saa zako. Kama kelele za mtaa hazivumiliki, mji una maktaba za umma: Maktaba ya Taifa kule Upper Hill, na kwa watu wa Eastlands zipo za kaunti Kaloleni na Makadara. Meza ni tulivu, na walio kando yako nao wamekuja kusoma, jambo ambalo lenyewe linakutuliza.

6. Ndani ya dakika 90

Usianze na sehemu ngumu. Soma ulichoandika jana, sahihisha sentensi mbili, jaza safu moja ya jedwali. Baada ya dakika tano utakuwa umeshaingia.

Watu wengine huweza kukaa dakika 90 mfululizo. Wengine hawawezi, na si kosa. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Francesco Cirillo, mwanafunzi wa Kiitaliano, alianza kutumia saa ya jikoni yenye umbo la nyanya kujipimia dakika 25 za kusoma na tano za kupumzika, na utaratibu huo umeenea dunia nzima. Ni mzuri kwa kazi usiyoipenda: kusahihisha, kupatanisha risiti, kujaza fomu za mfadhili. Kwa kuandika au kupiga hesabu ndefu naona dakika 25 ni fupi. Unakatwa ndipo umepata mwendo. Jaribu 45, mapumziko mafupi, kisha 40 nyingine. Mapumziko yawe ya kusimama, kunywa maji, kuangalia nje dirishani. Yasiwe ya simu.

Weka karatasi tupu kando ya mkono wako. Mawazo yatakuja: tokeni za stima zinaisha, karo ya muhula, jibu la mteja wa jana. Usiyapige vita. Yaandike kwa maneno mawili na urudi kwenye kazi. Yatasubiri.

Na ukikatizwa kwa nguvu, bosi ameita na lazima uende, usiinuke bila kuandika mstari mmoja. Mtafiti Sophie Leroy alionyesha mwaka 2009 kwamba mtu akihama kazi kabla ya kuimaliza, sehemu ya akili yake hubaki kwenye ile ya kwanza, na ya pili inafanywa vibaya. Baadaye, yeye na Theresa Glomb walikuta dawa ndogo: kabla ya kuinuka, andika ulipofika na utakachofanya ukirudi. Kwa mfano, "nimefika risiti za Februari, inayofuata ni ya mafuta ya gari, hailingani na kitabu." Inachukua nusu dakika. Utamsikiliza bosi kwa akili yote, na ukirudi hutaanza kujiuliza ulikuwa wapi.

7. Stima na intaneti

Kazi ya dakika 90 iwe ile isiyohitaji mtandao kadiri inavyowezekana. Pakua nyaraka jioni, fungua faili ndani ya kompyuta yenyewe, zima Wi-Fi. Faida ni mbili: huwezi kuchungulia habari, na mtandao ukipotea hujapoteza kitu.

Kenya Power hutangaza mapema sehemu zitakazokatiwa umeme kwa matengenezo, gazetini na mitandaoni, na mara nyingi ni kuanzia asubuhi hadi jioni. Fanya mazoea ya kuangalia orodha ya wiki, hasa kama unafanyia kazi nyumbani. Umeme ukikatika bila tangazo, unaweza kuripoti kwa kupiga *977# hata bila bando. Laptop iwe imejaa chaji kila asubuhi, kila siku, hata kama stima haijapotea mtaani kwenu miezi mingi.

8. Siku iliyobaki

Baada ya dakika 90, weka nusu saa ya kujibu kila kitu kilichokusanyika: barua pepe, WhatsApp ya kazi, simu ambazo hazikupokewa. Kama ulianza saa mbili, utamaliza kujibu saa nne, na chai itakuwa imefika. Kunywa chai na watu. Usiinywe mezani ukisoma skrini; pale kwenye chai ndipo unapojua kinachoendelea ofisini bila kuitishwa mkutano.

Mikutano ipeleke baada ya saa tano ukiwa na uwezo wa kuamua. Usipokuwa nao, uliza mambo mawili kwa heshima: tutaamua nini, na mimi natakiwa nilete nini. Mikutano mingine hufutwa baada ya swali hilo.

Saa nane mchana usijidai. Usingizi wa saa hiyo huja hata kwa aliyekula chakula chepesi, kwa sababu mwili wenyewe hupungua nguvu, na sahani ya ugali na matumbo huongezea. Weka hapo kazi za mikono: kupanga faili, kutuma ankara, kulipa bili, kwenda benki. Kahawa na chai za jioni zipunguze. Kafeini huchukua takriban saa tano kupungua nusu mwilini, kwa hiyo kikombe cha saa kumi na moja bado kina nusu yake saa nne usiku, nawe unatakiwa kuamka saa kumi na nusu.

Matatu usiigeuze ofisi. Simu iliyoshikwa dirishani kwenye foleni hunyakuliwa, na barua iliyoandikwa ukiwa umesimama hurudiwa kesho yake. Anayesafiri kwa treni ya asubuhi kutoka Syokimau au Ruiru akipata kiti anaweza kusoma. Wengine walale, au wawaze.

9. Ijumaa, dakika kumi na tano

Ijumaa kabla ya kutoka, fungua daftari uhesabu: siku ngapi wiki hii ulizipata dakika zako? Kama ni tatu kati ya tano, wiki ilikuwa nzuri. Kwa zile ulizozikosa, andika sababu kwa neno moja. Mvua, bosi, mtoto, mimi. Sababu ikijirudia wiki tatu, usijilaumu, badilisha mpango. Kama Jumatatu huvunjwa na mkutano kila wiki, acha Jumatatu, baki na siku nne.

Pumziko nalo lipange, kwa sababu akili iliyochoka hailindwi na ratiba yoyote. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo isiyopungua siku 21 za kazi zenye malipo kwa kila miezi 12. Zichukue. Wapo wanaojivunia likizo zilizolundikana, na ukiwaangalia kazi zao utaona hawamalizi zaidi ya wenzao.

Zitakuja wiki ambazo hili lote litaanguka: msiba, mtoto hospitalini, ukaguzi wa hesabu, barabara kufungwa. Wiki hiyo acha. Ukirudi, usianze na dakika 90. Anza na 30, saa ile ile uliyoizoea, na kazi ndogo iliyoandikwa jana yake. Wiki inayofuata ziwe 60, na umkumbushe bosi saa zako kabla hajazipangia kitu kingine.